Kikapu Hakirudi Kitupu

Niseme mapema, usije ukanihurumia bure: mimi ndiye niliyempotezea Benigna shamba lake. Deus mwana wa Masele alilitaka, hilo kweli, na baraza likampa. Lakini kisu nilikitoa mimi, tena nikiwa nimesimama mbele za watu, nimejitanda mtandio mpya, najiona msemaji wa haki.

Jina langu Amne. Nina genge la nyanya, chumvi na dagaa hapa kijijini kwetu, mbele kidogo ya Kwihara ukitokea Tabora mjini. Wageni hupita kwenda kutazama nyumba ya Livingstone, wanapiga picha, wanarudi mjini, na sisi tunabaki na vumbi la magari yao. Mbali na genge, mimi ni mjumbe wa baraza la ardhi la kijiji. Usidhani nilichaguliwa kwa busara. Sheria inataka wanawake wawemo, na siku ya kuchagua wanawake wenye akili walikuwa shambani.

Benigna hakuwa mtu wa hapa, na hakuwahi kujifanya wa hapa. Alizaliwa Ulyankulu, kwenye makazi ya wakimbizi, miaka miwili baada ya baba yake, mzee Ntahomvukiye, kuvuka kutoka Burundi na mke na jembe. Wazee wale walilima mpaka pori likawa ghala la mahindi. Lakini baba yake hakupanda hata mwembe mmoja. Alisema mti hupandwa na mtu anayejua kwamba mwakani atakuwepo, na yeye kila mwaka alingoja kuambiwa arudi kwao. Alikufa akingoja. Alimwachia binti yake mambo mawili: kutopanda miti, na kushukuru. Yote mawili yalikuja kumponza.

Aliolewa na Aleksi, mkulima wa tumbaku. Ilipofika 2009, wenzao wakichagua kati ya kurudi Burundi na kuomba uraia, Aleksi akasema anakwenda kwanza kuangalia ardhi ya babu yake, atatuma habari. Habari haikuja hadi leo. Benigna akaomba uraia peke yake, akamshika mkono mwanawe Tobia, akaja huku kwetu kutafuta vibarua vya kulima. Nilimwona siku ya kwanza akipita gengeni, mwembamba, kichwani ana kikapu cha kwao kile chenye kifuniko kilichochongoka juu. Alinunua chumvi ya kipimo kidogo kuliko vyote, akanishukuru mara mbili. Nikasema moyoni, huyu ama ana adabu ama ana njaa. Alikuwa na vyote.

Mwaka uliofuata Nyamizi, mke wa mzee Masele, alipigwa na kiharusi. Upande mzima ulikufa, na ulimi nao. Watoto wake walikuwa mbali. Deus, mkubwa wao, alikuwa Mwanza na kazi yake nzuri. Alipiga simu kila Jumapili, na mama yake hakuweza kusema hata "haloo". Masele akamwita Benigna aje amsaidie siku mbili tatu. Akakaa miaka mitatu na nusu.

Mimi jirani niliona. Alimgeuza mgonjwa usiku na mchana asije akatoka vidonda. Alimwosha, alimlisha uji kwa kijiko, alifua mashuka ambayo binti wa kumzaa angeyafua huku ameziba pua. Malipo yake yalikuwa chakula na mahali pa kulala. Nyamizi alipokufa hakuwa na kidonda hata kimoja mwilini. Wanawake tuliomwosha tulitazamana tu. Mjini nimewaona waliouguzwa kwa pesa nyingi wakazikwa na migongo imeoza.

Matanga yalipoanuliwa, mzee Masele alituita watatu: mume wangu marehemu Nassibu, mzee mmoja wa jirani ambaye naye ameshatangulia, na mimi. Akachukua jembe, akamwambia Benigna amfuate. Tukazunguka naye ekari mbili za upande wa barabarani, kona hadi kona, na kila kona akakita jembe. Mwisho akasema, nami nilisikia kwa masikio haya:

"Mama Tobia, hapa ni pako. Si mshahara, maana mshahara wako siuwezi. Ni asante; kwetu tunasema wabeja, mwanangu."

Benigna akapiga magoti palepale kwenye vumbi. "Murakoze," akasema, kwa lugha ya kwao, kisha akakumbuka, akasema tena kwa Kiswahili, asante. Hakuna aliyeandika chochote. Nani angedai karatasi mbele ya mzee mfiwa? Na ekari mbili wakati ule zilikuwa nini? Ulikuwa ukitoa baiskeli nzuri, watu wanakupa ekari hizo na zaidi.

Alilima karanga, mihogo, na maharage hasa, maana watu wa kwao bila maharage hawajala. Mavuno ya kwanza yalipotoka, kabla hajala hata punje, alijaza kile kikapu akampelekea Masele. Mzee akacheka sana. Akayapokea, na kwa kuwa huku kwetu chombo cha mtu hakirudishwi kitupu, akatia chupa ya asali. Mwaka wa pili vilevile: maharage yakaenda, michembe ya viazi ikarudi. Mwaka wa tatu akarudishiwa chumvi na kipande cha sabuni.

Mimi nina mdomo, jambo sikai nalo. Siku moja nikamuuliza, "Mama Tobia, shamba si ulishapewa? Unapelekapeleka nini kila mwaka?"

"Nimepewa, Bi Amne. Ndiyo maana napeleka."

"Ulishashukuru lakini."

"Nilishukuru siku ile. Na ardhi ikizaa tena, nishukuru tena. Baba alisema aliyekupa mahali pa kukanyaga humshukuru mara moja ukanyamaza."

Nikaona ni jambo zuri kuliko mengi niliyoyaona maishani. Nilikuwa nikiwasimulia wateja. Wanangu walipokuwa wakidharau vya watu niliwapigia mfano wa Benigna mpaka wakamchukia.

Basi akawa anaishi. Alijenga chumba kimoja na sebule, akaezeka bati. Karatasi yake ya uraia ilipotoka, aliifunga kwenye nailoni akaitundika ukutani chini ya msalaba. Tobia akakua, akaenda Urambo kwenye tumbaku. Mzee Masele akafa 2021, akizungumza bado juu ya kwenda kuandikisha lile shamba "mvua zikikatika". Deus alikuwa ameshastaafu na kurudi nyumbani. Benigna akaendelea kupeleka kikapu kwake kama alivyopeleka kwa baba yake, na Deus, nisimsingizie, alikipokea vizuri tu na kukirudisha na sukari.

Halafu bei ikapanda.

Sijui ilianzia wapi. Mara reli mpya, mara lami, mara mji umejaa na watu wanatafuta mahali pa kujenga. Walikuja vijana wenye kamba na vigingi, wakapima upande wa barabara. Wiki iliyofuata gari jeupe likasimama mbele ya genge langu, mtu akashuka akaniuliza ekari za pale ni za nani, anataka kujenga kituo cha mafuta. Akataja bei. Nilidhani ametaja namba ya simu. Ardhi ni ileile, mchwa ni walewale, hakuna aliyeitia hata samadi ila Benigna, lakini sasa ilikuwa na thamani ya nyumba mbili za vigae.

Mavuno ya mwaka ule Benigna alipeleka kikapu chake kama kawaida. Kikarudi kitupu. Aliniambia akipita, amekishika mkononi badala ya kukiweka kichwani.

"Labda walikuwa na shughuli," nikamwambia.

"Labda," akasema. Na mavuno yaliyofuata akapeleka tena. Kikarudi kitupu tena.

Mwaka jana mwezi wa nne, maharage yakiwa yameanza kukaza, Deus akaleta shauri barazani. Alisema hataki ugomvi. Anaomba tu eneo la baba yake ambalo mama Tobia aliazimwa alime.

Tulikaa kwenye darasa la shule. Mwenyekiti wetu ni Anton, mtu mtaratibu, anayependa kila jambo liwe na jina. Aliniambia nishuke kwenye kiti cha ujumbe kwa kuwa mimi ni shahidi, nikae na watu. Deus alikuja na kreti ya soda za wajumbe. Alikuja pia na kitenge kipya, akakiweka juu ya dawati mbele ya Benigna.

"Ndugu wajumbe," akasema, "huyu mama alimuuguza mama yangu. Hatutalipa fadhila yake mpaka tunaingia kaburini. Familia inamshukuru sana. Lakini shukrani ni shukrani, na ardhi ni ardhi."

Sauti yake ilikuwa laini, na sidhani alikuwa anadanganya alipomshukuru. Hilo ndilo linalonikera mpaka leo. Angekuja anatukana, tungemshinda.

Anton akamgeukia Benigna. "Mama, kwenu ni wapi?"

"Ulyankulu."

"Kabla ya hapo?"

"Kabla ya hapo nilikuwa sijazaliwa."

Watu wakacheka kidogo. Anton hakucheka. "Una maandishi ya shamba?"

"Sina. Nilipewa kwa jembe, kona nne."

"Umepanda mti gani wa kudumu?"

Huku kwetu swali hilo ni zito, maana mwenye kuazimwa shamba hukatazwa kupanda mwembe au mchungwa. Mti ni wa mwenye ardhi. Miaka kumi na moja yeye alikuwa na ruhusa ya kupanda msitu akitaka, na hakupanda hata mpapai. Alimsikiliza baba yake.

"Sikupanda," akasema.

Nikaona mambo yanaharibika. Nikanyoosha mkono mimi, mwana wa watu, nikasimama. Nikaeleza yote: ugonjwa wa Nyamizi, mashuka, mwili usio na kidonda, jembe kwenye kona nne, maneno ya mzee. Nilisema vizuri. Niliona wajumbe wanaguswa, hata Anton ameacha kuandika. Hapo ndipo ningekaa. Lakini mdomo uliponza kichwa, na hapa kichwa chenyewe hakikuwa changu. Nikataka wamjue alivyo. Nikataka wamsifu kama ninavyomsifu.

"Na huyu si mtu wa kupewa akasahau," nikasema. "Miaka yote hiyo, hajakosa hata mwaka mmoja. Kila mavuno, kabla hajala yeye, anajaza kikapu anapeleka nyumbani kwa Masele. Mzee akiwa hai, na mzee akiwa amekufa. Nani kati yetu anaweza hivyo?"

Darasa likawa kimya. Mimi nikadhani ni kimya cha heshima.

Deus akasimama polepole. "Mama mdogo Amne, ahsante. Umesema kila mavuno?"

"Kila mavuno!"

"Nyumbani kwetu?"

"Kwenu ndiyo, kwani wapi?"

"Basi wajumbe mmesikia wenyewe," akasema, akakaa.

Nilielewa nikiwa bado nimesimama. Mtu akikuazima shamba huku kwetu, kila mavuno unampelekea chochote, karanga au kuku. Haiitwi kodi, inaitwa adabu. Ni kumwambia, sijasahau kwamba ardhi ni yako. Siku ukiacha kupeleka ndipo watu huanza kunong'ona kwamba unataka kumnyang'anya. Jambo hilo nalijua tangu nanyonya. Mama yangu alipeleka, bibi yangu alipeleka. Na miaka kumi na moja nilimtazama Benigna akipita na kikapu kichwani, nikaona shukrani tu, kwa sababu yeye mwenyewe aliniambia ni shukrani. Haikunijia hata siku moja kwamba mtu mwingine yeyote barabarani angeona aliyeazimwa anampelekea mwenye shamba haki yake.

"Lakini kikapu kilirudishwa na vitu!" nikapiga kelele. "Asali! Chumvi!"

"Baba alikuwa mkarimu," akasema Deus.

Anton akamuuliza Benigna mwenyewe. "Mama Tobia, ni kweli ulipeleka?"

Angeweza kukana. Ningekula kiapo naye, wallahi, ningesema nimechanganyikiwa. Aliangalia mikono yake.

"Ni kweli. Nilikuwa nashukuru."

"Kila mwaka?"

"Mtu hushukuru mara ngapi, mwenyekiti?"

Mjumbe mmoja mzee alitikisa kichwa, nikaona amesikitika, lakini amekata shauri. Wakatoka nje nusu saa. Waliporudi soda zilikuwa zimekwisha. Wakasema eneo ni la ukoo wa Masele, mama aliazimwa, avune maharage yaliyomo, mihogo ataing'oa, bati atalichukua. Niliitwa kuweka sahihi chini ya ushahidi wangu. Nilisoma mstari kwa mstari, nikitafuta uongo wa kukatalia. Haukuwemo. Nikaweka sahihi.

Benigna alikichukua kile kitenge kwa mikono miwili. "Asante," akamwambia Deus. Nilitamani kumtandika kofi, yeye na sio Deus. Watu husema asante ya punda ni mateke. Mimi nimeona mengine: asante ya mtu mwema ndiyo iliyompiga teke mwenyewe.

Jioni nilimfuata kwake. Nikamwambia twende mbele, kuna baraza la juu, kuna mjini, nitatoa nauli mimi. Alikuwa anachambua mchele, hakuacha.

"Huko juu shahidi wangu ni nani?"

"Mimi."

"Na utasema nini kuhusu kikapu?"

Nikaanza kumsaidia kuokota mawe kwenye mchele.

"Unaona," akasema. Hakusema kwa hasira.

Mwezi wa tano alivuna. Aliyafanya yote kama mtu anayetegemea kupanda tena: akapura, akapepeta, akachoma mabua, akaacha shamba safi. Fundi akashusha bati. Chumba bila bati kilionekana kidogo sana, sikuelewa watu waliishije mle. Tobia alikuwa amempatia kazi Urambo ya kuchambua majani ya tumbaku, kwa siku. Mwanamke wa miaka hamsini na mmoja, kifua chake hakipatani hata na moshi wa kuni.

Siku ya kuondoka, adhuhuri, alikuja gengeni. Mizigo ilikuwa kwenye bodaboda, kijana anangoja. Kichwani alikuwa na kikapu.

"Hodi, Bi Amne."

"Karibu," nikasema, na nilishajua amekuja na nini.

Akakitua mbele yangu, akafunua kifuniko. Maharage ya njano, yale makubwa, amechagua moja moja, hakuna jiwe wala lililotoboka.

"Ni ya kwanza kuvunwa," akasema. "Sijala bado. Nimekuja kukushukuru."

"Mama Tobia, usinifanyie hivyo."

"Siku ile walikuwepo watu wengi wanaojua. Walinyamaza. Wewe ulisimama ukanisemea."

"Nilikuangamiza!"

"Ulisema kweli," akasema. "Na ulikuwa unanisifu. Tangu nizaliwe sijasifiwa mbele ya watu."

Nilimtazama usoni nikitafuta kejeli. Naapa nilitaka kuikuta. Ningepumua. Haikuwepo. Alisimama tu akingoja nipokee, kama alivyosimama mlangoni kwa Masele mavuno yote yale.

Nikapokea. Nikamwaga maharage kwenye beseni, kikapu kikabaki mkononi mwangu. Macho yakazunguka genge zima: nyanya, vitunguu, dagaa, vibiriti. Kitu gani hapo kingetosha? Lakini kumrudishia kitupu, baada ya wale wa kwa Deus, nisingeweza. Nikachukua kikombe nikachota chumvi. Cha kwanza, cha pili, cha tatu, nikaacha kuhesabu. Nilichota mpaka kifuniko kikakataa kufunga, nusu inamwagika chini.

"Bi Amne, chumvi yote hiyo nitaila lini?" akauliza, akacheka kidogo. Kisha akaona ninalia, akaacha kucheka. Akanishika bega. Yeye ndiye aliyenibembeleza mimi.

"Murakoze," akasema. Akajitwika kikapu, kikamlemea shingo, akapanda bodaboda.

Hiyo ilikuwa mwaka jana. Deus hajauza bado. Mtu wa kituo cha mafuta aliongeza dau, naye akasema angoje, bei itapanda zaidi. Mvua zilipoanza, yale maharage yaliyodondoka wakati wa kuvuna yaliota yenyewe katikati ya vigingi, yakatoa maua, yakasongwa na magugu. Mbuzi wa watu wameingia wakamaliza yaliyobaki.

Beseni la maharage yake liko chini ya kitanda changu. Wadudu wameshaingia, usiku nawasikia wakitafuna. Siwezi kuyapika, siwezi kuyatupa, na kuyauza ndiyo kabisa.